Lornah Akumu na Mashine Isiyojua Kuaga

Kwa miaka mingi Lornah Akumu alilipwa kuwasalimia watu asiowajua kwa niaba ya watu wengine asiowajua. Alikuwa mtangazaji wa kipindi cha salamu katika redio moja ndogo ya Kisumu, iliyokaa juu ya duka la magodoro. Kila alasiri aliketi mbele ya kipaza sauti na rundo la kadi: fulani wa Obunga anamsalimia fulani wa Bondo, mkewe, watoto, shemeji aliye kazini Kericho, na wote wanaomfahamu. Walikuwepo wasikilizaji walioamini kwamba mtu asiyewahi kusalimiwa na Lornah bado hajazaliwa sawasawa. Mchungaji mmoja alisema mimbarini kwamba siku ya mwisho majina yatasomwa kwa namna ileile, ila bila matangazo ya magodoro katikati.

Kisha redio ikapata mmiliki mpya. Alikuwa kijana mwenye adabu, akamweleza Lornah, kwa masikitiko yaliyopimwa vizuri, kwamba siku hizi watu wanasalimiana wenyewe kwenye simu na hawahitaji mtu katikati. Lornah hakubishana. Yeye pia alikuwa na simu, na alikuwa ameona jinsi watu walivyosalimiana humo: kidole gumba juu, basi. Kwa maoni yake mtu wa katikati alihitajika sasa kuliko zamani, lakini hayo si maneno ya kumwambia mtu anayekukabidhi barua ya kuachishwa kazi. Alirudi nyumbani Nyamasaria kwa mumewe Oluoch, mwalimu mstaafu, ambaye alimpokea katika ustaafu kama mtu anavyompokea mwenzake kwenye benchi: alisogea kidogo.

Aliyemtoa kwenye benchi hilo alikuwa Njenga, kijana wa Kisumu kwa kila kitu isipokuwa jina. Wazazi wake walitoka Murang'a kuja kuuza ndoo na mabeseni pale soko la Kibuye. Yeye alizaliwa hapa, akasomea hapa, na Kijaluo chake kilikuwa kizuri kuliko Kikuyu chake, jambo ambalo shangazi zake hawakuwa wamelisamehe. Kampuni yake ilikuwa na wafanyakazi wawili, yeye na kompyuta yake, na kati ya hao kompyuta ndiyo iliyofika kazini mapema.

Alikuwa ameunda zana ya kuiwezesha akili unde kutumia programu ya meseji, ile iliyo kwenye simu ya kila mtu. Unamwambia wakala, yaani ile akili unde iliyopewa kazi, "agiza barafu," naye anaishika zana, anaandika ujumbe, anautuma, anasoma jibu, anaendelea. Wakala hana mwili, hana kibanda, wala hatoi pesa, ingawa kabla hata ya kumjaribu, kina mama, waliozoea mawakala wa pesa za simu, waliendelea kumuuliza Njenga kibanda chake kiko wapi.

Kina mama hao walikuwa kikundi cha Konyruok, neno la Kijaluo la kusaidiana. Walinunua samaki kutoka vizimba vya ziwani na kuwapeleka kwenye hoteli za mjini, na kati ya vizimba na hoteli kulikuwa na jua la Kisumu, kwa hiyo maisha yao yalikuwa barafu. Walikubali kumjaribu wakala wa Njenga kuagiza barafu hiyo na kuwaarifu wateja. Wakamjaribu asubuhi moja tu.

Zana kama hiyo huja na maelekezo: hii sehemu inafanya nini, itumike lini, isitumike lini. Wakala huyasoma kabla ya kugusa chochote, na huyafuata. Njenga alikuwa ameyaandika mwenyewe, kwa mtindo wa watu wa kompyuta, ambao huandika kana kwamba kila neno linatozwa ushuru. "Tuma: hutuma ujumbe kwa nambari iliyotajwa. Ujumbe uwe mfupi." Wakala akasoma, akatii, na alfajiri hiyo Mama Jacinta, mwenyekiti wa Konyruok, akaamshwa na simu iliyosema: Thibitisha kilo za leo.

Jacinta aliitazama. "Huyu ni nani?" akamuuliza jirani yake. "Ni polisi?"

Siku hiyo hakuna mama aliyethibitisha chochote. Walikubaliana bila hata kukaa mkutano kwamba mtu anayekuja asubuhi bila salamu amekuja kukukamata au amekuja na habari ya msiba, na kwa vyovyote hajibiwi haraka. Njenga alipofika ufuoni kuomba msamaha, Jacinta alimwambia bila kuacha kuparua samaki.

"Kijana yangu, hii mtu wako haina mama."

"Ni programu, Mama."

"Ndiyo nasema. Tafuta Lornah wa redio. Yule anaweza kufundisha hata jiwe kusalimia. Akishaifundisha, tutajaribu mpaka mwisho wa mwezi, halafu tutakaa tuamue. Tukisema hapana, ni hapana."

Njenga alimtafuta Lornah, naye akaikubali kazi; mambo yakasimama hapo. Konyruok walikuwa mteja wa pekee wa Njenga. Wakisema hapana, zana ingefungwa na Lornah angerudi kwenye benchi. Kuachishwa mara ya kwanza aliambiwa na kijana mwenye adabu. Mara ya pili angeambiwa na mashine aliyoifundisha adabu yeye mwenyewe, na hilo, alimwambia Oluoch, asingelisahau hata kaburini.

Alianza kuandika kwenye meza ya chakula. Oluoch alimtazama juu ya gazeti.

"Unamwandikia nani?"

"Mashine."

"Inasoma?"

"Kila neno."

Oluoch, aliyefundisha shule za msingi za Siaya na Kisumu maisha yake yote ya kazi, alilishusha gazeti. "Kila neno? Halafu inafanya vile imesoma?"

"Inafanya hivyohivyo."

"Basi hiyo si mwanafunzi," akasema, akalipandisha gazeti. "Wanafunzi mimi nawajua."

Lornah aligundua kwamba kumwandikia msomaji wa namna hiyo si kazi ya kitoto. Ni msomaji asiyecheka, asiyechoka, na asiyeweza kukutazama usoni ajue unamaanisha nini. Yale yote ambayo watu wa Kisumu hujua bila kuambiwa, ilibidi yaambiwe. Aliandika: "Mtu akisema amefika, usidhani amefika. Pengine ndiyo kwanza ametoka kuoga. Uliza yuko wapi hasa." Aliandika: "Mama akijibu 'sawa' peke yake, amekasirika. Usiendelee na biashara. Uliza kuna nini." Na: "Kabla ya kutuma kwa kikundi, kumbuka kwamba ndani ya kikundi yumo mama mkwe wa mtu." Njenga aliyasoma hayo akaanza kurekebisha mazungumzo yake mwenyewe na wasichana, kwa manufaa yaliyoonekana.

Mwishowe Lornah akafika kwenye salamu, na hapo hakufikiri hata kidogo, kama vile mtu asivyofikiri anapoandika jina lake. "Salamu kwanza, shughuli baadaye. Salamu hujibiwa daima. Usimwache mtu na salamu mkononi. Ukiulizwa habari, jibu, kisha nawe uliza. Usiguse shughuli mpaka salamu ziishe, na usiwe wa kwanza kuzikata, maana huo ni ujeuri."

"Hii iko sawa kabisa, Mama," Njenga akasema. "Hii hata nyanya yangu angesaini."

Asubuhi iliyofuata wakala, ambaye sasa alikuwa amepewa pia habari za kila mama, alimwandikia mwenyekiti kwa salamu ya asubuhi ya Kijaluo: Oyawore, Mama Jacinta. Umeamkaje? Goti linaendeleaje leo?

Jacinta alisimama na kuwaita wenzake kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye vizimba. "Njooni muone! Imeuliza goti! Mimi nimeolewa miaka ngapi? Baba Terry hajawahi kuuliza goti!"

Tangu siku hiyo wakala akawa mtu wa nyumbani. Barafu iliagizwa, hoteli zikaarifiwa, na Jumapili baada ya kanisa kina mama walimtumia salamu za bure, bila shughuli yoyote, kuona atajibu nini. Alijibu. Wakajibu nao. Kisha mmoja akakumbuka ana ugali motoni, na mazungumzo yakaisha. Lornah alilisoma hilo kwenye kompyuta ya Njenga akaridhika. Hakuona kwamba kilichoyamaliza mazungumzo kilikuwa ugali.

Aliyefuata kuvutiwa alikuwa Bwana Wakoli, mtu wa Bungoma, mnene, mtaratibu, mwenye shati lililopigwa pasi hata mifukoni, aliyesimamia kiwanda kidogo cha barafu nje ya mji. Oda za Konyruok zilikuwa zikimjia na maswali kuhusu afya yake, naye alikuwa mtu ambaye wateja wake kwa kawaida humuuliza tu kwa nini lori limechelewa. Akamwomba Njenga naye apewe wakala wa kupokea oda. "Lakini mimi naangalia kina mama," akaonya. "Wakikubali mwisho wa mwezi, nami nimekubali. Wakikataa, mimi ni nani?" Njenga akamwekea wakala kiwandani: zana ileile, na maelekezo yaleyale.

Sasa msomaji ameshaona kinachokuja. Lornah na Njenga hawakukiona, na tusiwacheke, kwa sababu walikuwa wameanza kufanikiwa, na mafanikio huziba macho kuliko moshi.

Siku ya mavuno ya vizimba ilipofika, Jacinta alimwambia wakala aagize barafu nyingi kuliko kawaida, iwe ufuoni jua likichomoza. Wakala wa Konyruok akamwandikia wakala wa kiwanda. Akamsalimia, kama alivyofundishwa. Wakala wa kiwanda akajibu, kama alivyofundishwa, naye akauliza habari. Jacinta alipochungulia simu yake iliandika kwamba mazungumzo na kiwanda yanaendelea, akaona ni vizuri. Wakoli alipochungulia yake iliandika kwamba mteja yuko kwenye laini, naye akaona ni vizuri, akanywa chai.

Mitumbwi ikaingia. Samaki wakashushwa. Jua likachomoza, likapanda, likaanza kazi yake. Kila Jacinta alipotazama simu, mazungumzo yalikuwa bado yanaendelea.

Lornah alikuwa akichambua sukuma wiki simu ilipolia.

"Nyar Gem," Jacinta akasema. Alimwita binti wa Gem tu siku alizokuwa na jambo. "Barafu iko wapi?"

"Haijafika?"

"Mimi nakuuliza wewe. Samaki imeanza kulegea macho. Mashine inasema inaongea na kiwanda. Tangu alfajiri inaongea. Kwani wanaongea nini, mahari?"

Lornah alichukua pikipiki mpaka kwa Njenga, na pamoja wakafungua mazungumzo. Yalikuwa marefu. Njenga alivuta na kuvuta kwa kidole, yakaendelea kuja.

Huku mvua imenyesha kiasi, namshukuru Mungu. Huko je?

Huku pia kiasi, tunashukuru. Na watu wa nyumbani wanaendeleaje?

Wote wazima. Na wa kwako?

Wazima pia. Na mahindi upande wa Bungoma, yamekubali?

Yamekubali. Nashukuru kwa kuuliza. Na ziwa limeamkaje? Magugu bado yamejaa?

Wakati huo walikuwa wamefikia mashemeji. Hakuna kati yao aliyekuwa na shemeji, wala nyumba, wala mahindi, lakini kila mmoja alitoa taarifa kwamba wote hawajambo, na kila mmoja akauliza tena, kwa sababu kila mmoja alikuwa amesoma kwamba kuwa wa kwanza kuzikata ni ujeuri. Neno barafu halikuwa limetajwa popote. Lornah alisoma kwa hofu iliyoongezeka, na chini ya hofu hiyo, hatutamficha, kulikuwa na fahari. Zilikuwa salamu nzuri sana. Hazikuwa na kasoro hata moja isipokuwa kwamba hazikuwa na mwisho.

Njenga akakata kwa mkono. Akampigia Wakoli, Wakoli akatoa lori mbio, lakini barafu ilipofika ufuoni jua lilikuwa utosini. Sehemu ya samaki iliokolewa. Sehemu nyingine kina mama waliipasua na kuianika au kuikaanga hapohapo, na hoteli zilizosubiri samaki wabichi zilipokea samaki wa kukaangwa pamoja na maelezo. Nasike, mama wa Kibukusu aliyeolewa upande wa Kajulu, ndiye aliyepata hasara kubwa zaidi. Hakupiga kelele. Alikaa mbele ya sufuria ya mafuta akiwageuza samaki mmojammoja, na kila mtu akaona afadhali angepiga kelele.

"Hatungoji mwisho wa mwezi," Jacinta akamwambia Lornah. "Tunakaa Jumamosi. Ulete mashine yako. Ama usilete."

Njenga alikuwa na dawa mara moja. "Tunatoa salamu zote. Ama tunaweka kipimo: salamu mbili, majibu mawili, halafu kazi."

"Na mtu akiwa amefiwa, pia ni mbili?" Lornah akauliza.

"Basi tatu."

"Njenga, ukiwahesabia wale kina mama salamu, watajua. Watasikia kama mtu anawapimia unga."

"Sawa, Mama, basi nipe wewe sheria." Hakusema kwa ukali, na ndiyo sababu ilimchoma. "Hii kitu haiwezi kuhisi kwamba imetosha. Mtu anajuaje imetosha? Niambie vile wewe hujua, tuandike."

Maisha yake yote Lornah alikuwa amesalimia, lakini redioni hakuwahi kumaliza salamu hata siku moja. Zilimalizwa na taarifa ya habari. Saa ikifika, fundi mitambo anakata, kadi zilizobaki zinasubiri kesho. Alijua mlango wa kuingilia kuliko mtu yeyote mjini, na wa kutokea hakuwahi kuugusa.

Alikwenda nyumbani na swali hilo, akalikalia. Alijaribu "mpaka mmoja achoke," akakumbuka msomaji wake hachoki. Alijaribu "mpaka inatosha," akalifuta kabla halijakauka.

Ijumaa alasiri Bwana Wakoli akabisha hodi Nyamasaria. Alikuwa amekuja kusema jambo, ilionekana, kwa sababu alivaa koti. Walimkaribisha. Akaulizwa safari, akaulizwa Bungoma, Oluoch akamuuliza mtazamo wake kuhusu mtaala mpya na kisha akamjibia mwenyewe. Chai ikanywewa. Oluoch akaweka kikombe chini, akasema, "Haya, Bwana Wakoli. Tuambie kilichokuleta."

"Mama Lornah," Wakoli akasema, akilitazama koti lake. "Mimi sina ubaya. Lakini madereva wangu wananicheka. Asubuhi mmoja ameniuliza kama shemeji wa mashine amepona."

"Shemeji hakuwa mgonjwa," Lornah akasema, kwa sababu alikuwa ameyasoma mazungumzo yote.

"Najua! Nimemwambia hivyo! Halafu nikajisikia nikimtetea." Akatikisa kichwa. "Nimekuja niseme mwenyewe, si kwa simu. Kesho kina mama wakiondoa, nami naondoa. Lakini nitasikitika. Hakuna mtu mwingine alikuwa ananiuliza hali."

Aliposimama, walisimama naye, na wakamsindikiza, kama inavyopasa. Walipita geti, wakapita kinu cha kusaga unga, Oluoch bado akiwa kwenye mtaala, wakafika karibu na lami. Wakoli akasimama, akageuka, akanyoosha mkono.

"Basi mmenifikisha. Rudini hapo."

Oluoch akampa mkono, akageuka kurudi, kama afanyavyo kila mtu tangu watu waanze kutembeleana. Lornah hakugeuka.

"Bwana Wakoli. Kwa nini ni wewe umesema?"

"Nimesema nini?"

"Turudi."

Wakoli alimtazama kana kwamba jua limempiga. "Kwani ungesema wewe? Ungeniambia, haya, enda?"

"Siwezi."

"Ni kunifukuza hiyo."

"Na usingesema?"

"Mngenifikisha mpaka mji wa Ahero!" Alianza kucheka, kisha akaona yeye hacheki. "Mama, hata kwetu ni hivyo. Mwenyeji hawezi kumaliza. Ni mgeni anamwachilia. Akishamwachilia, mwenyeji anarudi. Asiporudi, sasa huyo ana neno lingine."

"Mwache mtu apande gari!" Oluoch akaita kutoka mbali.

Lornah alimwachia mkono Bwana Wakoli, ambao alikuwa bado ameushika, akarudi nyumbani kwa mwendo uliomfanya Oluoch aachwe nyuma kwenye kinu. Aliandika bila kukaa.

"Aliyeanzisha mazungumzo ndiye mgeni. Aliyeandikiwa ndiye mwenyeji. Mgeni husalimia, mwenyeji humwuliza habari zake na za watu wake, kisha humwuliza kilichomleta. Mwenyeji akishauliza hivyo, chai imenywewa: mgeni aseme shida yake. Shida ikiisha, mgeni ndiye wa kuaga. Amshukuru mwenyeji na amwambie arudi. Mwenyeji akiambiwa arudi, humtakia mgeni safari njema, hurudi, wala haongezi neno. Mwenyeji hamfukuzi mgeni kamwe. Mgeni mwema hamfikishi mwenyeji Ahero."

Jioni hiyo Njenga aliyasoma kwenye kompyuta yake, akatoa Ahero, akafikiri, akairudisha. Wakawaweka wale mawakala wawili wazungumze. Wa Konyruok akabisha hodi. Wa kiwanda akapokea, akauliza hali, akauliza watu wa nyumbani, akauliza kilichomleta. Barafu ikaagizwa, ikakubaliwa, ikapangiwa lori. Asante sana, umenifikisha. Rudi hapo. Na wa kiwanda: Haya, safari njema.

Wote wawili, Lornah na Njenga, walikitazama kioo.

"Imenyamaza," Njenga akasema kwa sauti ya chini.

"Ngoja."

Wakangoja. Ilikuwa imenyamaza kweli.

Jumamosi Konyruok walikaa ufuoni kwenye kivuli cha banda la kupimia samaki, na hakuna aliyeleta chai, jambo ambalo Lornah alilitambua. Bwana Wakoli alikuja pia, akasimama nyuma. Jacinta alifungua kwa sala fupi na akampa Nasike nafasi ya kwanza, kwa kuwa aliyeumia zaidi ndiye huanza.

"Mimi sina maneno mengi," Nasike akasema. "Sitaki mashine ya kuongea na mashine. Mimi nina simu. Nitapiga, nitasema leta barafu, italetwa. Kama haitaletwa, nitajua nimtukane nani. Hii nitamtukana nani?"

Kina mama wakaguna kwa kukubali. Lilikuwa swali zuri, na wataalamu wengi wa mambo hayo duniani bado wanaliulizana kwenye mikutano yenye chakula cha mchana.

"Nitukane mimi," Lornah akasema. "Yale maneno iliyofuata ni yangu. Niliiambia isikate salamu, haikukata. Haina kosa."

"Aa, wewe hutukaniki," Nasike akasema, akionekana kukereka. "Ulimsalimia marehemu mama yangu redioni."

"Basi ijaribu. Leo wewe ndiye mgeni. Iandikie ile ya kiwanda. Ikikukera, tutafunga, sitasema kitu."

Nasike alitoa simu, akaifuta kwenye leso, akaandika kwa kidole kimoja huku wenzake wakimwegemea mabegani na kumsomea kila kilichojitokeza kwa sauti, ili walio nyuma wasikose. Alisalimia kwa mkato. Akaulizwa hali. Akasema ni mbaya. Kioo kikaandika: Pole sana, Mama Nasike. Nimesikia samaki wako waliharibika siku ya mavuno. Ni nini kimekuleta leo, tukusaidie?

Nasike alisoma tena, peke yake sasa, midomo ikicheza. Kisha akaagiza barafu ya Jumatatu, akajibiwa, akapangiwa. Na hapo akakomea. Hakuaga. Aliweka simu magotini, akakunja mikono, akaitazama kama mtu anayemtazama mbwa wa jirani.

"Sasa tuone itafanya nini."

Haikufanya kitu. Haikuuliza mvua. Haikuuliza shemeji.

"Inangoja umwachilie," Bwana Wakoli akasema kutoka nyuma, hakuweza kujizuia.

"Ingoje."

"Nasike, mwachilie mwana wa watu!" mama mmoja akapiga kelele. "Ana kazi!"

"Atasimama hapo mpaka jioni! Aibu!"

"Si ni mashine?"

"Hata kama! Umeagiza barafu, umepewa, unamsimamisha tu juani!"

Nasike alistahimili kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Kisha akaichukua simu, akaandika kitu bila kumwonyesha mtu, akaifunga. "Nimeirudisha," akasema kwa ukali. "Msinitazame hivyo."

Jacinta hakupoteza nafasi. "Haya. Inabaki. Lakini siku ya mavuno, mtu mmoja apige simu pia, kwa mdomo, mpaka tuizoee. Na wewe Lornah, siku hizo uko hapa na sisi, si kule Nyamasaria kwa meza. Unaandika mambo yetu, uyaone. Njenga amlipe nauli. Kuna mwenye neno?"

Hakukuwa na mwenye neno, maana yake wote walikuwa nalo. Mama mmoja alitaka iandikwe kwamba wakala asimjibu mumewe hata akijiita mteja. Mwingine alitaka wapishi wa hoteli waulizwe jina la kila aliyepokea samaki, kwa kuwa wapishi hubadilika kama hali ya hewa. Lornah aliandika akiwa amesimama, karatasi juu ya kifuniko cha kreti, na upepo wa ziwa ukimnyanyulia kona. Nasike alisubiri mpaka wote wamalize.

"Andika na hii. Kuna watu huuliza bei leo, wanauliza kesho, wanauliza kesho kutwa, na hawanunui. Hao wajibiwe. Lakini polepole."

"Polepole kiasi gani?" Lornah akauliza. "Hii inafanya vile nimeandika."

Nasike akafikiri. Mama wa pili akasema iwe polepole kama mtu anayetafuta miwani. Jacinta akasema hapana, hiyo ni ndefu sana, iwe kama mtu aliyeitwa na mama mkwe. Ubishi ukaanza, mzito, wa pande tatu, Bwana Wakoli akivutwa ndani kama shahidi kutoka Bungoma, na Lornah akainua kalamu akangoja waelewane.